Mji wa Mbegu na Mmea Usio na Mbegu

Kitale ni mji wa mbegu. Hapo hakuna ubishi. Utafiti wa mahindi ya nyanda za juu ulianza hapa mwaka 1955, Kenya Seed ikaanzishwa hapa hapa mwaka 1956, na mwaka 1964 ikatoka H611, mahindi chotara yaliyobadilisha mashamba ya watu. Hadi leo, ukipanda matatu Kitale mwezi wa tatu, utasikia wazee wakibishana kuhusu 614 na 6213 vile vijana wanabishana kuhusu Arsenal. Tunajua mbegu nzuri, tunajua mbegu feki, tunajua hadi duka la kukwepa.

Sasa leo nataka tuongee kuhusu mmea ambao elimu yetu yote ya mbegu haiusaidii hata kidogo. Unaitwa kangaga. Wengi wenu mnaujua kwa jina la Kizungu, lakini Kiswahili kina jina lake na ni zuri: kangaga moja, makangaga mengi. Ni ule mmea wa majani yaliyochanika kama unyoya wa ndege, unaopenda mahali penye baridi na giza giza, kando ya mto au chini ya mti mkubwa. Jani lake likiwa changa linatoka limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha linajifungua polepole. Halitoi ua wala tunda. Na mbegu halina kabisa.

Mimi si mtaalamu wa mimea. Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, na siku hizi natengeneza video za bustani za watu, Kitale huku na Bungoma kule. Lakini kusoma sikuacha. Na kadiri ninavyosoma historia ya huu mmea, ndivyo ninavyoona kwamba ni historia yetu pia. Hoja yangu ni hii: kila mahali watu walipopenda makangaga bila kupenda kivuli yanamotoka, waliyamaliza. Sisi tuko njiani kufanya hivyo hivyo, na bado tuna muda wa kugeuka.

Tuanze na hiyo mambo ya mbegu, manake ndiyo iliwachanganya watu kwa karne nyingi.

Wazungu wa zamani waliona kangaga linazaana kila mahali, lakini hakuna aliyewahi kuona mbegu yake. Basi wakaamua kwamba mbegu iko ila haionekani, na ukiipata na kuibeba, wewe pia hutaonekana. Usicheke sana. Ni imani iliyokaa Ulaya miaka mingi, hadi Shakespeare akaitaja kwenye tamthilia. Mtu aliyesaidia kufungua hilo fumbo alikuwa daktari wa upasuaji huko Jamaica, John Lindsay. Alichukua ule unga wa kahawia ulio chini ya jani la kangaga, akaunyunyiza kwenye udongo, akaulinda, akaona makangaga madogo yakiota. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1794.

Ule unga ndio unaitwa spora. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa mahindi lazima alisikilize kwa makini. Spora ikianguka mahali penye unyevu haitoi kangaga moja kwa moja. Inatoa kwanza kitu kidogo cha kijani chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kimelala juu ya udongo. Hicho ndicho kina sehemu za kiume na za kike. Ili zikutane, lazima pawe na maji juu yake, hata kama ni utando mwembamba tu, kwa sababu chembe za kiume zinaogelea. Zikikutana, ndipo kangaga lenyewe linaanza kuota.

Umeshika hapo? Mahindi yanahitaji mvua ili yakue. Kangaga linahitaji maji ili hata liweze kuzaliwa. Kivuli kikiondoka, udongo ukikauka juu, makangaga makubwa yanaweza kubaki miaka kadhaa yakiwa yamesimama pale, unayaona, unasema mambo bado poa. Kumbe watoto hawazaliwi tena. Ni kama kijiji chenye wazee peke yao.

Sasa twende London, karibu mwaka 1829. Kulikuwa na daktari anaitwa Nathaniel Bagshaw Ward. Jamaa alipenda makangaga sana, lakini aliishi mashariki mwa mji ambako moshi wa makaa ya mawe uliua kila alichopanda. Siku moja alifukia buu la nondo kwenye udongo ndani ya chupa na kuifunga, akitaka kuona nondo akitoka. Badala yake akaona kangaga likiota humo ndani, lenye afya, bila kumwagiliwa. Maji yalikuwa yanapanda kama mvuke, yanagonga kioo, yanarudi chini. Ward akatengeneza masanduku ya kioo kwa mtindo huo, na mwaka 1833 mimea ikasafiri ndani yake kwa meli hadi Australia ikafika hai.

Hilo sanduku lilibadilisha dunia kuliko watu wanavyojua. Kwa masanduku hayo miche ya chai ilitolewa China ikapelekwa India, na miche ya mpira kutoka mbegu za Brazil ikapelekwa Asia. Himaya ya Uingereza ilibebwa na bunduki, sawa, lakini ilibebwa pia na sanduku lililobuniwa na mtu aliyetaka tu kuona kangaga lake likiishi.

Na huko kwao Uingereza kukazuka wazimu. Siwatukani, ni wao wenyewe walitumia neno la namna hiyo. Mwandishi Charles Kingsley aliutungia ugonjwa huo jina mwaka 1855, jina linalomaanisha kichaa cha makangaga. Kila nyumba ya mwenye pesa ilitaka sanduku la kioo sebuleni. Reli zilikuwa mpya, kwa hivyo watu walipanda treni wikendi kwenda mabondeni, wakang'oa, wakarudi na vikapu. Wachuuzi wakaingia biashara. Huko Ireland kuna kangaga la Killarney, na huko Scotland, kwenye vilima vya Moffat, kuna jingine dogo la kwenye miamba. Yote mawili yalichimbwa hadi karibu kuisha, na hadi leo ni adimu. Waliyoyachimba mengi yalikufa sebuleni.

Angalia vizuri nani alifanya huo uharibifu. Si watu waliochukia mimea. Ni wapenzi wa mimea.

Sasa rudi nyumbani.

Ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi wengi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa ule mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba wanajeshi wa Uingereza waliorudi vitani. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale. Reli ilimaanisha mahindi yanaweza kuuzwa mbali, na mahindi yanataka jua. Kwa shamba la mahindi, mti mkubwa ni adui: unaziba mwanga, unakula mbolea, unasumbua plau. Basi vikakatwa. Hiyo hesabu walianza nayo walowezi, na baada ya uhuru sisi tuliorithi mashamba tukarithi pia hesabu. Kivuli kikawa ardhi isiyozalisha. Hata lugha yetu ya kila siku imebeba hiyo fikra. Mtu akinunua ploti yenye miti, neno la kwanza ni "nitasafisha." Kwani miti ni uchafu?

Lakini hadithi haikuwa upande mmoja tu. Mwaka huo huo wa 1926 ambao reli ilifika, mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alianzisha makumbusho yake binafsi hapa Kitale. Alikuwa mtu wa vipepeo, wadudu, ndege na mimea. Alipokufa mwaka 1966 aliacha mkusanyiko wake kwa taifa. Pia kulikuwa na mama mmoja, Marjorie Tweedie, aliyeishi sehemu za Kitale na kukusanya mimea ya Elgon na Pokot kwa miaka mingi. Kuna shubiri moja ya sehemu hizi, Aloe tweedieae, iliyopewa jina lake. Ukiniuliza, wenyeji wa mlimani, Wasabaot na Waogiek, waliijua mimea hiyo muda mrefu kabla yao, na hakuna mmea uliopewa jina la nyanya wa Kiogiek kwa sababu tu alijua unapoota. Lakini rekodi zilizoandikwa ni hizo, na zinatusaidia leo.

Kisha ukaja mwaka 1974. Huu mwaka naupenda sana. Mwaka 1974 jengo la makumbusho ya taifa lilifunguliwa Kitale, la kwanza bara, nje ya Nairobi. Mwaka 1974 kinamasi cha Saiwa, hapo tu kaskazini ya mji, kilifanywa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ndogo kuliko zote Kenya, karibu kilomita 3 za mraba, na ilitengwa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa majini. Na mwaka 1974 kikachapishwa kitabu cha Agnew cha maua ya mwitu ya nyanda za juu za Kenya, ambacho ndani yake kuna sehemu nzima ya makangaga iliyoandikwa na Robert Faden. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida mwenye kitabu mkononi angeweza kusimama kando ya mto wetu akajua kangaga analolitazama linaitwaje.

Mambo matatu, mwaka mmoja. Ndani ya miezi hiyo 12 ilionekana kama Kitale ingekuwa mji wa mahindi na pia mji wa kivuli. Ukienda makumbusho leo, nyuma yake kuna njia ya kutembea ndani ya kipande cha msitu wa asili uliobaki kando ya kijito. Ukiingia, unahisi joto linashuka kabla hujapiga hatua 20. Hivyo ndivyo kingo za mito yetu zilikuwa. Kipande hicho ni kama picha ya pasipoti ya mtu aliyekufa.

Basi tulikwama wapi? Maoni yangu: tulijifunza kuhesabu miti, hatukujifunza kuhesabu kivuli.

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa sababu ya kuni za treni. Ni mti wa haraka, ulinyooka, una soko. Leo uko kila kona ya Bungoma, kuanzia Chwele hadi Webuye. Lakini simama chini ya mikaratusi mchana uone. Mwanga unapita tu, majani yaliyodondoka yamekauka kama karatasi, udongo mkavu, chini hakuna kitu. Mwaka 2009 aliyekuwa waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji. Nenda kando ya Kuywa au Kamukuywa uangalie kama agizo lilifika.

Desemba 2022 serikali ikatangaza miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi sikukuu ya kupanda miti. Mimi nilipanda, na napongeza. Lakini mti mmoja wa saiprasi kwenye mstari na mkuyu mmoja juu ya chemchemi, kwenye hiyo hesabu, ni sawa: moja na moja. Kangaga lenyewe ni sifuri. Na bado ukitaka kujua kama miti uliyopanda imegeuka msitu au bado ni kuni zilizosimama, angalia chini. Makangaga yakija yenyewe, ujue udongo umeanza kushika maji.

Msifikiri naongea habari ya kitambo tu. Mwaka huu nilikuwa nachukua video ya bustani ya mteja mmoja, nyumba kubwa, ukuta mrefu, upande mmoja haupati jua. Mteja akasema anataka kona ya "msitu." Siku mbili baadaye pikapu ikaja na magunia. Ndani ni makangaga, makubwa kwa madogo, mizizi imekatwa kwa panga, na moja la aina ya mti lenye shina refu kama mtoto wa miaka 10. Nikamuuliza mzee aliyeyaleta yametoka wapi.

"Mlimani, kijana."

"Una kibali, mzee?"

Akacheka. "Kibali cha majani?"

Sikumkasirikia sana. Yule mzee ana watoto, na gunia moja lilimpa pesa kuliko siku tatu za kulima. Lakini majibu ya swali lake yapo. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mazao ya msitu wa serikali bila kibali, na mmea ni zao la msitu. Yale makangaga ya miti, jamii ya Cyathea, yako pia kwenye orodha ya CITES ya viumbe ambavyo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Shina refu namna hiyo ni kazi ya miaka mingi. Mteja alilipa, mafundi wakapanda kwenye kokoto nyeupe karibu na ukuta wenye joto. Kufikia Februari, na nyinyi mnajua Februari ya Kitale ilivyo, lile kubwa lilikuwa kisiki.

Hiyo ni London ya mwaka 1855. Badala ya treni tuna pikapu.

Kuna mtu ataniambia, "Wacha kelele, ni majani tu, haina pesa." Hapo nakupeleka Tanga. Mwaka 1892 afisa Mjerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kiua cha zambarau kwenye milima ya Usambara, kinaota kwenye kivuli cha msitu, juu ya mawe yenye unyevu. Akakituma kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 kikapewa jina la familia yake, Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na miaka na miaka kimekuwa kati ya maua ya ndani yanayopendwa zaidi Ulaya na Marekani. Pesa hizo hazikupita Usambara. Na huko kwao mwituni, aina nyingi za ua hilo ziko hatarini kwa sababu kivuli chao kimekatwa. Mmea wa kivuli una pesa, bana. Swali ni nani anajifunza kuuzalisha kwanza, na nani anabaki kuuchimba.

Hata lile kangaga la kwenye vikapu vinavyoning'inia, ambalo nasari nyingi za barabarani zinaliuza, ni mgeni. Mwaka 1894 kwenye shehena moja ya mimea iliyotoka Philadelphia kwenda Boston, kuna moja lilionekana majani yake yanainama vizuri kuliko mengine. Likazalishwa, likaitwa la Boston, likazunguka dunia. Kwa hivyo tunanunua kangaga la Boston madukani, na tunang'oa la Elgon kwa panga. La nje tunalizalisha, la kwetu tunalichimba. Hebu fikiria hiyo.

Sasa, njia ya kufanya vizuri ipo, na haihitaji digrii. Nimeiona kwa kukhu wangu, upande wa Kimilili. Chini ya boma lake kuna chemchemi, na juu ya chemchemi kuna mkuyu ambao marehemu kuka alikataa kuukata hata alipopewa bei nzuri ya mbao na makaa. Chini yake makangaga yamejaa, hakuna aliyeyapanda. Nilimuuliza kukhu mbona hayafyeki.

"Nikifyeka, mjukuu wangu, nitachota maji wapi?"

Yeye hajui habari za Lindsay wala spora. Lakini anajua hiyo kanuni: mti, kivuli, unyevu, kangaga, maji. Ukitoa kimoja vingine vinafuata. Wangari Maathai alieleza jambo hilo hilo kuhusu mkuyu na kijito cha utotoni kwake Nyeri: mti ulipokatwa, kijito kikakauka. Na mwaka 2004 dunia ikampa tuzo ya Nobel.

Basi kama unataka bustani ya makangaga ya kwetu, fuata mpango huu.

Kwanza panda kivuli, kangaga baadaye. Kama una mti wa asili, usiuguse. Kama huna, tumia upande wa nyumba usiopata jua la mchana, au chini ya migomba, wakati mti unakua. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na Bungoma mjini karibu 1,400, kwa hivyo Bungoma jua ni kali zaidi na kivuli lazima kiwe kizito zaidi.

Pili, usifagie majani. Hii ndiyo ngumu kwa watu wetu, manake boma safi ni heshima. Fagia uwanja wa mbele. Huko nyuma kwenye kivuli acha majani yaoze. Makangaga mengi yana mizizi ya juu juu, yanaishi kwenye huo mboji, si kwenye udongo mwekundu wa chini.

Tatu, tafuta kwa jirani kabla ya kufikiria msitu. Kwenye mitaro ya zamani, kuta za mawe, visima, na mashina ya miti ya watu kuna makangaga tele. Mengi yana shina linalotambaa chini ya udongo. Omba ruhusa, kata kipande chenye majani mawili matatu na mizizi yake, panda siku hiyo hiyo mvua zikiwa zimeanza. Usifukie ile sehemu inayotoa majani mapya. Mama yake anabaki palepale akiwa hai.

Nne, jaribu spora. Tafuta jani lenye madoa ya kahawia chini. Hayo madoa si ugonjwa, usipulizie dawa. Likunje ndani ya karatasi siku mbili tatu, utaona unga. Mwagia udongo wako maji yanayochemka ili kuua vijidudu na magugu, uache upoe, unyunyize unga juu bila kufukia, kisha funika kikopo na nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Weka mahali penye mwanga lakini pasipo na jua. Hapo umetengeneza sanduku la Ward kwa kikopo cha aiskrimu. Kisha subiri. Utaona utando wa kijani kwanza, halafu yale maumbo ya moyo, halafu vijani vidogo. Ni kazi ya miezi, na mche wa kupanda nje unaweza kuchukua mwaka. Kwangu vikopo viwili kati ya vitano vimefika hatua ya vijani, na kila asubuhi navichungulia kama mtu anayesubiri M-Pesa.

Tano, chagua linalofaa mahali. Yapo yanayokaa juu ya miti, kama Drynaria volkensii, lenye majani mengine ya kahawia yanayokusanya takataka kuwa mbolea yake, na Pleopeltis macrocarpa, linalojikunja wakati wa kiangazi ukidhani limekufa, kisha mvua ikinyesha linafunguka. Hayo hayataki udongo, yafunge kwenye gome la mti. La chini, lile la majani laini na vijiti vyeusi vinavyong'aa, Adiantum, linataka mahali pasipo na upepo kabisa. Na kuna moja la kuepuka kama una ng'ombe: Pteridium, lile refu linalojaa mahali palipochomwa moto, linalopenda jua. Lina sumu kwa mifugo. Kwa hivyo usiniambie makangaga yote ni mamoja.

Najua ploti zetu ni ndogo. Najua njaa ipo, na hakuna anayekula Adiantum. Sikuambii ung'oe sukuma wiki. Nakuambia ile mita moja nyuma ya tangi la maji, ambayo sasa hivi umeweka mawe na mabati ya zamani, tayari ni kivuli, na haikuzalishii kitu. Na wewe kijana mwenzangu ambaye hukumaliza chuo na unatafuta cha kufanya: nasari za Kitale na Bungoma zina miche ya parachichi, ya mikaratusi na ya maua ya Boston. Ukizunguka utafute moja yenye makangaga ya kwetu yaliyozalishwa kwa spora, utazunguka sana. Wateja wenye ukuta usiopata jua wapo. Nimewaona, na wanalipa. Kwa sasa wanalipa magunia ya mlimani kwa sababu hakuna mwingine wa kumlipa.

Mji huu ulichukua mahindi, mmea uliotoka Amerika, ukayasoma kwa subira miaka tisa hadi H611 ikatoka. Subira tunayo. Kangaga lilikuwa hapa kabla ya mahindi, kabla ya reli, kabla ya yeyote kati yetu. Jamii yake iko duniani zaidi ya miaka milioni 300, kabla hata maua hayajakuwepo. Halihitaji tuliokoe kwa kulibeba kwenye gunia. Linahitaji tuache kivuli mahali kilipo, na tuongeze kingine.

Mvua za Machi zikianza, wakati wengine mko foleni ya mbegu, mimi nitakuwa na vikopo vyangu. Anayetaka spora aje na karatasi.